Mashua Yenye Mlango Mmoja

Msasani, Tukuyu
6 Juni 1993

Dada Atuganile,

Nakuandikia nikiwa jikoni karibu na moto, maana ukungu haujainuka tangu juzi na vidole vyangu havitaki kushika kalamu. Sisi wote tupo. Baba anaendelea vizuri na mguu wake. Edward ameng'oka jino la mbele na sasa anapiga mluzi hata akiwa anasali. Ng'ombe wa Bibi kule Kisiba amezaa ndama dume, Bibi amenuna. Mama anakusalimu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Jumapili iliyopita Mama aliambiwa nje ya kanisa, mbele za watu, kwamba mwanawe anapika ndani ya mashua ziwani. Alirudi nyumbani akamenya ndizi za watu kumi na wawili, na sisi tupo wanne. Ndiyo maana nakuuliza wewe mwenyewe. Naandika ninachokijua ili unisahihishe. Najua Mzee Ambilikile alipopunguzwa kiwandani alichukua kiinua mgongo chake akanunua mashua ya tanga kwa yule Mzungu aliyekuwa anaondoka Matema. Najua anataka kupeleka wageni wa kutalii katika miji ya pwani ya ziwa, kwa sababu siku hizi mtu binafsi anaruhusiwa. Shemeji Obed alipopita hapa alituambia kwamba mpishi wa kwanza alikimbia, na kwamba Mzee amekubali uingie wewe kwa safari tatu tu. Mambo yakienda vizuri kazi ni yako. Yakishindikana utarudi Masoko kulima, na atatafuta mpishi mwanamume.

Ninachoshindwa kuelewa ni hiki. Wewe ni mke wa mwanawe Obed. Huku nyumbani, Mzee Ambilikile akija kwa njia ya juu, wewe hupita migombani. Hujawahi kula naye, hujawahi kumtazama usoni, na alipougua ulipeleka uji ukauacha mlangoni. Sasa mnakaaje ndani ya kitu chenye urefu wa mita tisa?

Nimetafuta kwenye atlasi ya maktaba ya shule. Ziwa lipo, Mbamba Bay ipo. Lupingu haipo, nimeiweka mwenyewe kwa penseli. Mwalimu akiiona nitasema ni uchafu.

Mdogo wako,
Tulia


Lupingu
27 Juni 1993

Mdogo wangu Tulia,

Barua yako ilikaa Matema kwa Anyelwisye muuza samaki siku tisa ikinisubiri, inanuka mbasa, lakini nimeisoma mara tatu. Mshukuru Mungu kwa ukungu wenu. Huku joto linaanza kabla ya chai. Salamu za Mama nimezipokea, ingawa najua hakuzituma. Endelea kuziandika tu.

Kwanza nikugombeze. Umeandika jina la Mzee mara mbili katika ukurasa mmoja. Mimi silitamki, na sasa unataka nilisome? Nimefunika kwa kidole nilipofika pale. Andika Mzee, inatosha.

Umeuliza tunakaaje. Mashua ina mlango mmoja, na uko nyuma, pale pale panapokaliwa na anayeshika usukani. Anayeshika usukani ni Mzee. Jikoni ni chini. Mbele hakuna kitu ila kioo kidogo kisichofunguka. Kwa hiyo Obed ametundika turubai mlangoni. Nikitaka kutoka nagonga sufuria kwa mwiko mara mbili. Mzee anampa Obed usukani, anageukia ziwa, mimi napita mgongoni kwake nimeinama na kitenge kichwani. Yeye akitaka kitu chini anakohoa. Wageni wetu ni mke na mume, Wadenishi, walimu. Siku ya kwanza yule mama alimletea Mzee dawa ya kifua.

Na ujue jambo la kuchekesha. Ramani ya Mzungu inasema kutoka Matema unaweza kwenda hadi Manda bila kusimama. Sisi tunatia nanga kila penye nyumba tano. Obed anawaambia wageni tunatafuta mahitaji. Tukifika, mimi nashuka na kikapu kwa mtumbwi, Mzee anabaki. Nikirudi, Mzee anashuka kutembea, mimi napika. Jana mgeni aliuliza, "Nyanya tena? Si tulinunua asubuhi?" Obed akamjibu kwamba hizo za asubuhi ni za mchana.

Lakini Tulia, mimi napenda hii miji. Matema nimenunua chungu cha Wakisi, wafinyanzi wa huku, nakimwagia maji kwa nje, mboga zinakaa siku tatu ndani yake. Hapa Lupingu kuna mama anauza dagaa waliokaushwa juu ya mchanga safi, hawana mawe. Nafika mahali hakuna anayenijua kama mke wa fulani, nauliza bei, nachagua, nabishana. Hakuna aliyewahi kuniachia nichague chakula cha watu watano. Jioni wageni wanalala chini, Mzee juu ya mashua, mimi na Obed tunapewa chumba pwani. Hali yangu ni nzuri. Nataka kazi hii.

Dada yako,
Atuganile


Msasani, Tukuyu
11 Julai 1993

Dada mpendwa,

Baridi ya mwaka huu imeua maharage ya Mama Imakulata wa jirani, yetu yamepona kwa sababu ya ukuta. Shule tumefungua. Mwalimu wa Kiingereza anataka nisome mbele ya darasa siku ya wazazi, nimemwambia nina kikohozi. Baba anasalimu. Mama anasalimu. Hii ya pili ni nusu kweli, kwa sababu nilipomsomea habari ya chungu alisema, "Amwagie na juu ya mfuniko," halafu akarudi kumenya ndizi zake.

Umeandika kwamba hali yako ni nzuri. Lakini hukuandika kinachotokea upepo ukiwa mkali, Mzee akiwa hawezi kuachia usukani. Hapo unagonga sufuria na nani anageuka? Nadhani unabaki chini na jiko la mafuta ya taa mpaka mfike. Nimehesabu kwa rula kutoka Lupingu hadi Manda. Ni mbali. Mtu anayetapika kwenye basi la Mbeya kabla halijafika Kiwira anakaaje chini saa zote hizo?

Nilikwenda Kisiba kumuuliza Bibi. Alisema kwa Kinyakyusa kwamba huko ni kutila, ndiyo heshima ya mkwe, na yeye alikaa miaka kumi na miwili bila kumwona baba mkwe wake, alimjua kwa kikohozi tu. Nikauliza kama haiwezi kufunguliwa. Alisema kwao mkwe mwenyewe akipenda huweza kumwita mke wa mwanawe mbele ya ndugu, akampa zawadi, wakaonana. Nikafurahi. Ndipo akaongeza, "Lakini siyo huyo wenu. Huyo hata kanisani anakaa nyuma ya nguzo."

Halafu nikafikiri jambo. Kutila kulikuwepo kabla ya barua. Bibi amekataza kuona, kutaja na kula pamoja, hakukataza karatasi. Wewe unaandika orodha ya mahitaji kila siku, siyo? Itundike mahali ambapo Mzee anaweza kuisoma. Labda ataongeza kitu. Kama ni kosa, ni kosa langu, sema mdogo wako amesoma vitabu vingi.

Tulia


Liuli
2 Agosti 1993

Tulia,

Haraka, meli inaondoka na huyu anayebeba barua ana haraka kuliko meli. Tu wazima. Hii ni safari ya pili, wageni ni wale wale wamerudi na rafiki yao.

Orodha niliitundika kwenye msumari nje ya turubai. Siku ya kwanza haikuguswa. Siku ya pili, chini ya neno vitunguu, kuliandikwa kwa penseli "vingi". Manda aliongeza "chumvi ya mawe, siyo ya pakiti". Nilipopika kambale kwa ndizi mbichi aliandika "hii tena". Nina vipande vyote ndani ya Biblia.

Hapa Liuli nimepata mkate wa tanuri na vitunguu vyenye ngozi nyekundu. Mzee alilowa kidogo jana, lakini jua lilikuwa kali akakauka.

Msalimie Mama.
A.


Msasani, Tukuyu
22 Agosti 1993

Dada,

Wote tuna afya. Edward ameota jino jipya, ni kubwa kuliko uso wake. Ndama wa Bibi ameuzwa. Siendelei na habari za nyumbani kwa sababu nimekasirika, nikikasirika siandiki vizuri.

Alilowa kidogo! Shemeji Obed alifika hapa Jumanne kununua mafuta ya taa na viazi, akala kwetu, akasimulia yote. Kwamba yeye mwenyewe alikuwa amekwenda pwani kutafuta vitunguu. Kwamba yule mama mgeni alionja mandazi yako, akafurahi, akavuta turubai upande mmoja na kumshika Mzee mkono aje aonje naye yakiwa ya moto. Kwamba Mzee alikuona, au alikaribia kukuona, akarudi nyuma hatua mbili kwa heshima, na mashua yenyewe ilikuwa na hatua moja tu.

Kwamba Mzee hajui kuogelea. Hilo nalo hukuniambia.

Shemeji alisema wageni walikuwa wanapiga kelele kwa lugha yao, na wewe ukachukua kamba, ukaitupa huku umegeuza uso upande wa pili, na mara mbili ilianguka mbali kwa sababu hukuwa unatazama. Mara ya tatu Mzee aliishika. Ukavuta umefumba macho. Na Mzee, majini, amefumba macho pia. Mgeni mume alisema hajawahi kuona watu wawili wakiokoana kama vipofu.

Baba alicheka mpaka akashika mguu wake unaouma. Mama hakucheka. Aliuliza, "Na kamba hiyo haikumkata mikono?" Shemeji akasema ilimkata kidogo. Mama akaingia chumbani akarudi na mafuta ya mgando, akayafunga kwa gazeti. Nimeyaweka pamoja na barua hii. Safari hii siandiki kwamba Mama anakusalimu. Pokea hayo mafuta.

Niambie ukweli. Mzee amesema nini? Kazi je?

Tulia


Masoko
12 Septemba 1993

Mdogo wangu,

Mafuta nimeyapokea na mikono imepona. Nisamehe. Nilipoandika kutoka Liuli nilifikiri nikiandika kwamba alilowa kidogo tu, itakuwa kweli.

Mzee hajasema kitu. Ndiyo jibu lote. Tulirudi moja kwa moja hadi Matema bila kusimama popote, usiku kucha na mchana, na orodha yangu ikakaa msumarini bila penseli. Ulikuwa sahihi kuhusu chini. Upepo ukiwa mkali sitoki. Siku hiyo nilikaa na ndoo kati ya miguu na jiko likiwaka, kwa muda wa saa kumi na moja, na sikugonga sufuria hata mara moja kwa sababu niliona aibu. Nadhani alisikia. Ubao ni mwembamba, na mtu anayetapika hatapiki kimya.

Mashua imevutwa mchangani. Mimi nimeletwa hapa kwa mama mkwe, napalilia kahawa. Yeye ni mwema, haniulizi. Safari ya tatu ilikuwa iwe Septemba mwanzoni. Mzee amebaki Matema peke yake, amemkataza hata Obed kusogea, na watu wanasema wanasikia msumeno. Tena Kyela kuna mpishi anaitwa Ezron, aliyewahi kupika kwenye meli. Ameonekana mara mbili akizungumza na Mzee pale Matema.

Asubuhi nikiamka bado naandika orodha kichwani. Unga kilo nne, dagaa wa Lupingu, vitunguu vingi. Halafu nakumbuka kwamba hakuna wa kumpikia, nachukua jembe.

Soma sana. Usiseme una kikohozi.

Atuganile


Msasani, Tukuyu
26 Septemba 1993

Dada yangu Atuganile,

Nyumbani kwema, nitayaeleza mengine mwisho, kwa sababu nikichelewesha hili nitapasuka.

Juzi baada ya shule Mama alinituma misumari kwenye duka la vifaa vya ujenzi la Mama Veronika. Mzee alikuwa ndani. Nilitaka kurudi nyuma, lakini Mama Veronika alishaniona, akaniita kwa sauti ile yake: "Huyu hapa, msomi. Njoo utusomee, Mzee wetu anauliza kopo hili linasemaje, na mimi nauza tu."

Lilikuwa kopo la gundi ya kuziba maji, maandishi yote ni Kiingereza, madogo kama mayai ya chawa. Nilisoma kwa sauti, dada. Watu walikuwa wanne dukani. Nilisoma na kutafsiri mstari kwa mstari: upake mbao zikiwa kavu, usubiri saa ishirini na nne, usivute sigara. Mzee alikuwa anatazama mabati muda wote. Nilipomaliza alisema, "Rudia pale pa saa," nikarudia.

Mbele yake kaunta ilikuwa na bawaba mbili za shaba, mpira mrefu mweusi na skrubu nyingi. Mama Veronika akamuuliza, "Mzee, unatengeneza nyumba au jeneza?"

"Mlango."

"Mashua si inao mlango?"

"Inao mmoja," akasema. "Mashua ile ina kosa. Aliyeiunda hakuwa na mkwe."

Hakuna aliyecheka kwa sababu hakuonekana kutania. Kisha akageukia shelfu ya rangi, akaniambia mimi bila kunitazama, "Binti. Wewe na dada yako mnalingana?"

"Ananizidi," nikasema.

"Wapi?"

Nilitaka ardhi inimeze. Nikasema, "Kila mahali."

Hapo Mama Veronika alicheka mpaka akakaa kwenye mfuko wa saruji. Ndipo nikaelewa. Anakata mlango kule mbele, penye kile kioo, utoke jikoni moja kwa moja hadi juu bila kupita kwake. Msumeno watu waliousikia ni huo. Lakini hajui amkatie mtu wa ukubwa gani, kwa sababu tangu uolewe hajawahi kukutazama, na hakutaka kumuuliza Obed. Nadhani aliona si adabu kumuuliza mwanamume habari za mabega ya mkewe.

Basi Mama Veronika alinipima, dada, na sweta la shule, kwa futi ya kamba, mabega na kiuno, akitaja namba kwa sauti kama mnadani. Mzee aliandika kwa penseli nyuma ya risiti. Alipomaliza aliuliza aongeze inchi ngapi. Nikasema mbili. Mama Veronika akasema, "Weka nne, Mzee, atakuwa na beseni." Akafikiri. Kisha akauliza, "Beseni hulipitisha mbele yake, au ubavuni?"

Nikasema ubavuni. Akaandika sita.

Nilijikaza nikamuuliza kuhusu Ezron. Sijui nilipata wapi sauti, labda ilikuwa imebaki kwenye lile kopo. Akasema Ezron alikuja kumwonyesha jinsi meli zinavyozuia maji mlangoni, na ndicho alichomwitia. Hakuniambia nisikuandikie, kwa hiyo nakuandikia.

Mama nimemsimulia. Ameanza kukaanga karanga za safari, za kilo mbili. Na siku ya wazazi ni Ijumaa. Nitasoma.

Tulia


Lupingu
24 Oktoba 1993

Tulia mdogo wangu,

Natumaini barua hii itawakuta wote kama mlivyokuwa, na Edward meno yote. Waambie karanga ziliisha kabla ya kutoka Matema, na wa kwanza kuzimaliza siye mimi. Ile barua yako fupi ya pili nimeipata, na nimefurahi kuliko unavyoweza kujua kwamba ulisoma siku ya wazazi, na kwamba ulikosea mara moja tu na watu hawakugundua.

Hii ni safari ya tatu. Obed ameambiwa apokee wageni wa Novemba na wa Desemba, na kwenye karatasi ya majina ya wafanyakazi, panapoandikwa mpishi, pana jina langu, mwandiko wa penseli uliopitiwa juu kwa kalamu.

Mlango upo. Una kizingiti kirefu cha kuzuia maji, mpira pembeni na ngazi ya vipago vitatu, cha kwanza kipana kwa mtu aliyeshika kitu. Beseni linapita ubavuni, linabaki nafasi ya vidole viwili. Siku tuliyopanda, Mzee hakunionyesha na mimi sikushukuru. Nilipika kambale kwa ndizi mbichi, basi.

Sigongi tena sufuria. Nikitoka, tanga lote liko kati yetu, sioni hata kofia yake, na yeye haoni kitenge changu. Ananisikia nikitembea, nadhani. Nikikaa juu muda mrefu anaelekeza mashua pole pole, haiyumbi. Hatusimami tena kila penye nyumba tano. Mama mgeni wa safari hii amelalamika kwamba alisikia kuna miji mingi.

Jana tulipokaribia hapa nilitoka kutupa maji ya mchele, nikabaki. Unakumbuka nilikuandikia kwamba naipenda hii miji. Ni kweli, lakini nilikuwa naijua ikiwa imeshafika. Nilikuwa chini, naambiwa tumetia nanga, natoka nimeinama, naikuta imesimama hapo. Jana nilikaa mbele kabisa, miguu imening'inia. Kwanza milima tu imeingia majini. Halafu bati moja likang'aa. Halafu moshi, mitumbwi, wanawake wanafua, mtoto amesimama anatuonyesha kwa kidole, na yule mama wa dagaa anatandaza juu ya mchanga, ameinua kichwa.

Safari ya tatu hii, na ndiyo mara ya kwanza nimeuona mji ukija.

Dada yako,
Atuganile